Ndege ya Shule ya Urubani ya Kibiti

Mtu akifungua kopo la rangi ya mafuta karibu nami, hata iwe ya geti la jirani, nasahau nilichokuwa nikisema. Wenzangu wengi wa rika langu huukumbuka utoto kwa harufu ya maandazi, au ya mvua ya kwanza ikipiga vumbi, na nawaonea wivu, maana hizo ndizo harufu za kuhadithia wageni. Yangu mimi ni rangi ya boti, petroli na oili chafu. Ndiyo harufu ya kibanda cha baba yangu, Kibiti, kando ya barabara kubwa, alikokuwa akitengeneza mashine za boti. Watu walimcheka kwa kuweka kibanda cha boti mahali pasipo na maji. Yeye aliwajibu kwamba wenye boti wote wa delta ya Rufiji lazima wapite Kibiti wakienda mjini kununua spea, kwa hiyo amewakalia njiani.

Baba alikuwa fundi hodari na mwongo wa tarehe, kama mafundi wote. Akikuahidi Ijumaa, ungemwuliza kwanza Ijumaa ya mwezi gani. Mwenye mashine akionekana kwa mbali anakuja na uso umemkunjamana, Baba aliingia chini ya meza ya kazi, akajivutia turubai, na mimi nikabaki mlangoni kutoa taarifa: Baba hayupo, njoo kesho. Nilikuwa naisema vizuri, bila kucheka, na nilipewa sifa zangu kwa hilo. Mteja akishaondoka, Baba alifanya kazi kwa haraka ya ajabu, na mashine ikishanguruma alitoka nje kifua mbele, akapunga mkono barabarani kama mtu aliyekuwa safarini. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mambo ya watu wazima. Mtu akiwa hayupo, maana yake ana kazi ya watu hajaimaliza, na anaona haya. Kazi ikiisha, anatoka.

Ukutani mwa kibanda palikuwa na ukurasa wa kalenda uliokwisha mwaka zamani. Haukung'olewa kwa sababu ya picha yake: ndege ya manjano yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine kama vitanda vya bweni. Baba alinieleza kwamba ndege zile ni za kufundishia marubani. Mwanafunzi anakaa nyuma, mwalimu mbele, na kila mmoja ana usukani wake, lakini sukani zile zimeunganishwa kwa chini, mmoja ukiinama na mwenzake unainama. Nikamwuliza mwalimu atamwonaje mwanafunzi aliyeko mgongoni mwake. Akasema hana haja ya kumwona, anamsikia mkononi.

Aliamua kuitengeneza kwa udogo, kipimo kwa kipimo, akipima picha kwa rula na kuandika hesabu zake kwa penseli kwenye ubao wa meza. Mbavu za mabawa zilitoka kwenye upongoo, uti wa kuti la mnazi, akazichonga mpaka zikawa nyembamba kama njiti za kiberiti. Juu yake alitandika vipande vya kanzu yake kuukuu, akavipaka uji wa muhogo ili vikikauka vikazane. Nyaya za katikati ya mabawa zilikuwa mshipi wa kuvulia. Propela aliichonga kutoka kipande cha mkandaa, mti wa mikoko, mwekundu na mzito, na aliisugua kwa msasa siku nyingi kuliko alivyosugua kitu chochote cha mteja. Wateja waliiona, na ndipo walipojua mashine zao zinachelewa kwa sababu gani.

Jambo lililowashangaza zaidi lilikuwa rangi. Alipoanza kupaka, hakupaka manjano. Bawa la juu alilipaka kijani cha majani ya mikoko, rangi iliyobaki kwenye boti ya mtu. Mteja mmoja akamwambia, Fundi, umekosea, ndege hizi ni za manjano. Baba akasema ile ya manjano ni ya wenyewe walioinunua, hii ni ya Shule ya Urubani ya Kibiti. Mteja akauliza shule hiyo iko wapi. Baba akamjibu kwamba majengo bado, ila ndege tayari ipo. Alisema kama daraja limesimama Ndundu, mahali ambapo watu walikuwa wakilala wakingoja kivuko, shule ya ndege itashindikana kwa lipi? Kila aliyepita kibandani aliondoka anacheka, na mimi peke yangu nilibaki nikiamini kabisa.

Aliniahidi itakuwa tayari kabla ya Idi. Nilimwuliza mara ngapi sijui, na kila mara aliniambia rangi zitakazofuata: mwili wa kahawia, tope la Rufiji wakati wa masika, mkanda mweupe katikati, na mkiani picha ya mnyama. Siku moja kabla hajaanza kahawia, alikuja mtu wa visiwani akasema boti ya abiria imezima mashine huko kwao. Baba akachukua sanduku lake la spana, akaniambia nisiiguse ndege kwa kuwa rangi bado mbichi, akaenda Nyamisati, kunakopandiwa boti. Brashi aliiacha imelala kwenye kopo la mafuta ya taa.

Kule Nyamisati alipewa boti ndogo aende mwenyewe, njia anaijua. Boti ile ilikutwa imenasa kwenye mizizi ya mikoko, haina mtu, na sanduku la spana limo ndani, kavu. Hilo la ukavu wa sanduku lilisemwa sana nyumbani kwetu. Wengine walisema mamba. Wengine wakasema mamba gani asiyetikisa boti, labda alishuka kusukuma akazama topeni. Akatokea na wa kuapa kwamba amemwona Kilindoni, Mafia, amevaa shati jipya. Walimtafuta kwa boti na kwa miguu, wakarudi na habari zisizolingana. Mimi nilisikiliza yote na sikuogopa hata kidogo. Nilijua Baba yuko wapi, si mahali penyewe, lakini hali yake. Alikuwa amejificha kwa sababu ya ile ndege.

Bibi, mama yake Baba, alihamia kwetu kutoka Nyamisati na mkoba wake wa ukindu, akalala nami kitanda kimoja. Alikuwa akiniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao, na akinidai nimwachie marehemu babu usiku mmoja mmoja. Utani wake ulikuwa ule ule, ila usiku alikuwa akiamka kusikiliza mlango. Alisema mwanawe hajafa, hakuna maiti, hakuna kaburi. Mjomba, kaka yake mkubwa Mama, alikuja kutoka Mkongo mara kwa mara kusema neno jingine: kwamba dada yake bado kijana, si mjane wala si mke, na aulizwe sheikh. Sheikh aliulizwa. Akasema kuna muda wa kungojea. Masika yalikuja yakaondoka, zaidi ya mara moja. Watu waliokutana na Mama barabarani hawakujua wamwambie lipi, kwa maana aliyefiwa huambiwa pole, na aliyeachwa huambiwa subiri, yeye hakuwa katika hao wala hawa.

Lazima nieleze jambo moja la watu wa kwa Bibi, maana bila hilo hadithi hii haieleweki, na mimi wakati ule sikulielewa. Nyuma ya nyumba yake Nyamisati kulikuwa na mtumbwi wa jirani, umechongwa nusu, tumbo limeanza kuchimbwa, upande wa pili bado gogo lenye maganda. Mwenyewe alikuwa amekwenda mbali. Sisi watoto tuliingia ndani yake tukapiga makasia ya vijiti, lakini mwanamume yeyote akikaribia na tezo ya kuchongea, Bibi alimfukuza. Alikuwa akisema kazi ya mtu haimaliziwi na mwingine, labda mwenyewe awe amekufa. Warithi ndio wanaomalizia, na siku wanayoanza husomewa fatiha. Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi. Nilidhani ni adabu tu, kama ile ya kutomalizia chakula cha mwenzio akiwa amekwenda kunawa.

Kwa hiyo ndege ilikaa juu ya kabati la Mama, imefunikwa kitambaa, nusu kijani, nusu kanzu. Na mimi nilikuwa naumia. Kila nikiiona niliona aibu ya Baba ikizidi, kwa kuwa nilijua kazi ikichelewa sana fundi hushindwa hata kupita njia ile. Idi ilishapita, na nyingine ikapita. Nani angetoka chini ya meza baada ya hapo? Ikabidi mtu amsaidie.

Nilimchagua Baba mdogo Shabani, mdogo wake Baba, aliyekuwa akiuza boriti Nyamisati na kuja Kibiti na malori ya miti. Alikuwa na moyo mwema na mkono mbaya, hata msumari akiupiga ulilala. Kila alipokuja nilimwomba amalizie ndege. Kwanza alicheka. Baadaye akasema rangi hakuna, nikamletea kopo. Akasema imekauka, nikamletea mafuta ya taa. Akaniuliza kwa nini nataka hivyo, na sikumwambia, kwa sababu siri ya mahali alipo mtu aliyejificha haitolewi. Nilisema tu kwamba Baba atafurahi. Macho yakamjaa machozi, nami nikashangaa mtu mzima kulia kwa kuombwa kupaka rangi.

Siku yenyewe Mjomba alikuwa ametoka Mkongo, amezungumza na Mama ndani kwa sauti ya chini, kisha akaondoka bila kunywa chai. Baada ya Alasiri Baba mdogo akaishusha ndege, akakaa nayo barazani. Sijui kama alifanya kwa ajili yangu, au kwa ajili ya Mama, au alichoka tu. Aliniuliza rangi zinafuataje, maana hakuna mwingine aliyejua. Nikamwambia: mwili kahawia, mkanda mweupe. Tulipofika mkiani nikakwama. Baba alisema mnyama, lakini mnyama gani? Nikasema kiboko. Mpaka leo sijui kama alisema kiboko, au mamba, au mimi ndiye niliyependa viboko, na sasa nikijaribu kumsikia, namsikia akisema kiboko kwa sauti yangu.

Bibi alikuwa kwa jirani. Aliporudi, Baba mdogo alikuwa anamalizia mkanda, na propela alishaipachika kwenye pini yake, mimi naizungusha kwa kidole. Bibi alisimama uani. Kisha akakaa chini, pale pale mchangani, bila mkeka.

"Umemzika nduguyo, Shabani," alisema. "Umemzika kwa brashi."

Baba mdogo hakuinua uso. Alisema, "Mpaka lini, Mama? Asiyekuwapo na lake halipo."

"Lake lipo," Bibi alisema. "Si hilo hapo mikononi mwako?"

Mkono wa Baba mdogo ukasimama. Tone la rangi nyeupe likaanguka sakafuni, na alama yake ilikaa pale mpaka nyumba ilipouzwa. Mimi niliwatazama wote wawili nikingoja mmoja acheke. Ndipo nikamwona Mama mlangoni, mikono ina unga, na alikuwa amesimama hapo tangu zamani. Hakumtazama Bibi wala hakunitazama mimi. Alitazama lile jicho la kiboko ambalo lilikuwa bado halijatiwa.

"Malizia, shemeji," alisema. "Umeshaanza, malizia."

Baba mdogo akatia jicho. Mama akarudi ndani, na baadaye nilimsikia akivua bangili, moja moja, akiziweka kwenye sahani ya bati.

Yaliyofuata yalinichanganya kuliko yote. Nilikwenda kukaa mlangoni kumngoja Baba, kwa sababu kazi imekwisha na sasa hana la kuonea haya. Watu wakaanza kuja kweli, wengi, kutoka Nyamisati na Mkongo na Ikwiriri, na nikaona sawa, mambo yanaanza. Wanaume wakaswali mbele ya uwanja mtupu, swala ya maiti, bila jeneza. Nikaangalia chini ya miguu yao kama kuna kitu nisichokiona. Ikasomwa hitima. Ukapikwa wali. Mama alikuwa chumbani amevaa nguo isiyo na maua, wanawake wamemzunguka, nikaambiwa amekaa eda na nisimchoshe kwa maswali. Mwanamke mmoja mgeni, mnene, aliyechelewa lori, alifika mlangoni akanishika shavu akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamjibu kwa ile taarifa yangu ya zamani, kwa mazoea: Baba hayupo. Halafu, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na habari njema, nikaongeza kwamba anakuja sasa hivi, ndege imeshakwisha. Mwanamke yule akakaa chini kizingitini akalia kwa sauti, na nikamchukia kwa kuziba njia.

Siku hiyo hiyo ya hitima propela ilitoweka. Niliingia chumbani kuitazama ndege, nikakuta pua yake tupu. Walilaumiwa watoto wa wageni, wakapekuliwa mifuko, haikuonekana. Nililia mpaka nikalala, na watu wakadhani hatimaye nimeelewa. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu kazi imerudi nyuma, na sasa Baba ataingia tena chini ya meza.

Aliyenishangaza ni Bibi. Yeye aliyekaa mchangani, alikula wali wa hitima ya mwanawe mpaka akalamba vidole. Hakuamka tena usiku kusikiliza mlango. Mama alipotoka eda, Bibi ndiye aliyempaka hina, na alipokuja mwanamume wa Ikwiriri kumposa, Bibi ndiye aliyempigia Mjomba magoti amkubali, akamwita yule bwana mwanangu tangu siku ya kwanza. Harusini alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Majirani walisema kumbe kizee kimekubali, Mwenyezi Mungu amemtia subira. Nami nilivyokua nikaamini hivyo hivyo. Sikumbuki siku niliyoacha kumngoja Baba. Nadhani hapakuwa na siku hiyo. Niliacha tu kukaa mlangoni.

Bibi ametutoka hivi karibuni, Nyamisati, nyumbani kwake, akiwa mzee wa kubebwa. Baada ya mazishi tulikaa wanawake kugawana nguo zake. Shangazi akanirushia kaniki moja kuukuu akisema hii ya mke mwenzie. Pembeni ilikuwa na fundo gumu, la kufungua kwa meno. Wote walidhani ni dawa, na mmoja akasema nisilifungue ndani ya nyumba. Nikalifungua. Ilikuwa propela ya mkandaa, nyeusi kwa mafuta ya mikono, kingo zake zimelainika kuliko msasa wowote ungeweza kuzilainisha.

Nilimpelekea Baba mdogo nje. Mvi zimemjaa, na macho yake sasa hayaoni karibu. Aliipapasa muda mrefu, akaizungusha kwenye ncha ya kidole, na nikajua ameitambua.

"Na mimi miaka yote hii," alisema, "nilidhani nimeimaliza."

Nimejaribu kumwelewa Bibi na sijamaliza. Alimwachia Mama aende, na hakumfungia njia hata kwa kununa. Alikula hitima, akaitikia dua. Na fundoni mwake, siku zote zile, mwanawe alikuwa bado ana kazi. Sijui alikuwa akiamini, au alikuwa akimshikia nafasi tu. Sijui kama alijua kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mtu mwingine, mdogo, aliyekuwa akimngoja Baba kwa njia iliyopingana na yake. Tulilala kitanda kimoja na hatukuambiana. Nikiwaza hilo naumia, na tena nafurahi, na siwezi kusema kipi kinatangulia.

Ndege iko kwangu, juu ya kabati la vyombo. Kijani kimepauka, kahawia imebanduka, mkanda mweupe umepinda mahali mkono wa Baba mdogo uliposimama. Nilirudi kutoka Nyamisati jioni, nikaishusha kabla hata sijavua viatu, nikaipachika propela kwenye pini. Iliingia bila kulazimishwa. Nikaipuliza, ikazunguka vizuri, bila kugusa kitu, kama alivyotaka iwe. Nikaitazama mpaka iliposimama. Kisha nikaichomoa, nikaifunga pembeni mwa kanga yangu.

Binti yangu mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu akiona yote. Akaniuliza kwa nini nimeitoa, na ndege itakuwa tayari lini.

"Fundi hayupo," nikamwambia. "Njoo kesho."